Ndege ya Liao Niliyoiangusha Mimi

Miaka ishirini na saba nilifundisha watu udereva hapa mjini Siluo, na niseme ukweli, kazi ile iliniharibu. Mwalimu wa udereva hakosei. Gari likizimika katikati ya makutano, ni mwanafunzi. Likipanda ukingo wa barabara, ni mwanafunzi. Kuna siku nilikanyaga breki ya upande wangu bila sababu yoyote, na yule binti aliyekuwa kwenye usukani ndiye aliyeniomba radhi. Nikazipokea, tena nikamwambia siku nyingine awe makini. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kurusha ndege za wenzake.

Kikundi chetu cha ndege za rimoti kina watu kumi na watatu, karibu wote wastaafu. Tunarushia kwenye ukingo wa mto Choshui, upande wa chini wa daraja, kwenye kipande cha ardhi tulichokisawazisha wenyewe katikati ya mashamba ya matikiti. Mvua kubwa zikija mto unaubeba uwanja wote, na maji yakishuka tunaanza upya na majembe. Kila Jumapili asubuhi tuko pale na chai yetu, karanga zetu na utani wetu wa kukera.

Tuna desturi moja ambayo hakuna anayeivunja: aliyeunda ndege haruhusiwi kuirusha mara ya kwanza. Mtu amekaa na kitu mwaka mzima, amekikata, amekitia gundi, amekipaka rangi; mikono itamtetemeka tu. Kwa hiyo ndege mpya hurushwa na mkono mzoefu, na kwa miaka kumi na moja mkono huo ulikuwa wangu. Badala ya Tseng, jina langu, waliniita Rubani. Ndege ya kweli nimepanda mara moja tu nilipokuwa jeshini, tena nikatapika mpaka nikamchafua sajenti, lakini Rubani nikaitika.

Liao Wan-chuan alikuwa kinyume changu kwa kila kitu. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha sukari kwa miaka thelathini na nne. Kila waya aliouunga aliukagua mara tatu, na mara ya nne aliupitishia kidole akiwa amefumba macho. Kiwanda kilipofungwa, akaweka meza mlangoni kwake na kuanza kutengeneza vitu vya majirani: feni, masufuria ya umeme ya kupikia wali, redio za wazee. Hela hataki. Wanamletea mayai, vitunguu, samaki. Ukimpa feni iliyoungua anainusa kwanza, halafu anakwambia imeungulia wapi. Mke wake, Siok-hun, alikuwa akitutania, "Shemeji, mwenzangu huyu feni anainusa, supu yangu hainusi."

Ndege yake aliiunda kwa miaka miwili na nusu. Ilikuwa mfano wa ile ndege ya njano iliyokuwa ikinyunyizia dawa mashamba ya miwa ya kiwanda zamani, na alitaka ifanane mpaka ribiti. Hakununua kipande kilichokatwa tayari hata kimoja. Mbavu za bawa alizikata moja moja kwa wembe kutoka kwenye mbao nyepesi za balsa. Bawa lilipokamilika halikupita mlangoni, ikabidi Siok-hun asimame uani alipokee kupitia dirishani, huku akimwuliza mumewe kama na yeye atatolewa kwa njia hiyo siku akifa.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa tano ndege ya njano ikaletwa uwanjani. Liao alikuwa amevaa shati la harusi za watu. Kwenye meza ya kuandalia ndege akaweka pakiti ya kijani ya bisi za mahindi, kama tunavyofanya sote. Huku kwetu kila mashine ya maana ina pakiti hiyo juu yake ili iwe na adabu. Hospitali wanayo, benki wanayo, hata mashine ya tiketi stesheni inayo.

"Umeangalia tarehe?" aliuliza Pui. Pui ndiye mwenye shamba la matikiti lililopakana nasi, mtu mnene, mdomo mwekundu kwa tambuu kuanzia alfajiri. "Ukiipa mashine bisi zilizopita tarehe itakutukana, shauri yako."

"Nimenunua jana," alisema Liao kwa unyenyekevu, kana kwamba kaulizwa na hakimu.

"Na wewe Rubani, umeoga? Maana ndege mpya haitaki mtu mchafu."

"Wewe tema hayo mate yako mbali na bawa," nikamwambia.

Hapa lazima nieleze rimoti yangu, kwa sababu ndiko aibu yangu inakokaa. Rimoti ile inaweka mipangilio ya ndege kumi. Kila ndege ina namba yake, na kabla ya kurusha unachagua namba kwenye kioo kidogo. Ndege ya Liao tuliiweka namba sita, nyumbani kwake, wiki moja kabla. Ndege yangu mwenyewe ni namba mbili, na mota yake ya vibawa nimeifunga juu chini, kwa hiyo kwenye namba mbili kushoto na kulia vimegeuzwa. Vibawa ni vile vipande vidogo nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande. Ukirusha ndege ya mtu kwa namba mbili yangu, ukiiambia kulia, itakwenda kushoto.

Ndiyo maana kuna ukaguzi. Kabla ya kuondoka ardhini, rubani anasukuma vijiti vya rimoti, na mwenye ndege anatazama vibawa na kusema kwa sauti: kulia, kushoto, sawa. Inachukua nusu dakika. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika sheria hiyo kwenye ubao wa kikundi, kwa mwandiko wangu.

Asubuhi ile nilikuwa nimesharusha ndege yangu mara mbili. Upepo ulianza kuinua mchanga, na mimi nilitaka kuonyesha kwamba naruka hata kwenye upepo. Liao akasogea.

"Rubani, tukague vibawa kidogo."

"Tulishakagua kwako."

"Ndiyo, lakini Ijumaa nilivifungua vile vijiti vya chuma vinavyoshika vibawa nikavitia mafuta. Nikavirudisha. Tuangalie tu, mara moja."

"Kaka Liao, nimerusha ndege mpya thelathini na mbili. Unataka kunifundisha kazi?"

Wenzetu wakaguna, wengine wakacheka. Liao naye akacheka, akarudi nyuma hatua mbili na kuweka mikono nyuma. Nikiikumbuka ile hatua yake ya pili hadi leo natamani ardhi inimeze.

Ndege iliondoka vizuri, wallahi ilikuwa nzuri. Ilinyanyua mkia, ikaacha mchanga, na watu wakapiga kelele. Upepo ukaipiga, ikalala kushoto. Nikaipa kulia. Ikalala kushoto zaidi. Nikaipa kulia yote. Ikageuka mgongo chini na kuingia kwenye matikiti ya Pui kwa mlio ambao sitaueleza. Tangu iondoke mpaka iishe hazikupita sekunde kumi.

Wote wakakimbilia shambani. Mimi nikabaki peke yangu pale mezani, nikatazama kioo cha rimoti. Kilikuwa kinasema mbili.

Sikuwaza. Laiti ningesema niliwaza, nilipima, nikashindwa na shetani. Hapana. Kidole gumba kilibonyeza, mbili ikawa tatu, nne, tano, sita, kisha nikazima. Halafu nikatembea kuelekea shambani kwa mwendo wa mtu aliyefiwa, na nilipofika nikainama juu ya vipande vile, nikavigusagusa, nikasema kwa sauti ile ile ya kwenye gari la mafunzo:

"Kaka Liao, vile vijiti umevirudisha kinyume. Kushoto umeweka kulia."

Bawa lilikuwa limepasuka katikati na vijiti vyote viwili vimechomoka. Hakukuwa na mtu ambaye angeweza kujua. Liao alivishika, akavitazama kimoja baada ya kingine, akafumba macho akajaribu kukumbuka Ijumaa. Niliona anavyotafuta kichwani na hapati.

"Sikumbuki," alisema. "Nakumbuka kuvitoa. Kuvirudisha sikumbuki."

Kisha akasimama mbele yangu, mbele ya watu wote kumi na mmoja, akainamisha kichwa. "Rubani, nisamehe. Nimekuaibisha. Uliniamini, nami nimekupa kitu kibovu."

Nikamwambia, "Basi, yamepita." Ndivyo nilivyosema, mimi, mtu mzima mwenye wajukuu!

Pui, ili kuondoa huzuni, akapaza sauti kwamba matikiti yake manne yameuawa bila kesi na lazima maiti ziliwe. Tukakaa pale pale kwenye majani tukala matikiti yaliyopasuka. Liao ndiye aliyekata, na kipande kikubwa akanipa mimi. Nilikula vitatu.

Nilidhani ataunda nyingine. Wote huangusha, wote huunda tena. Tunataniana mwezi mmoja, inakwisha. Lakini Jumapili iliyofuata Liao hakuja, wala ile ya pili. Siku moja nikakutana na Siok-hun sokoni, akiwa na kapu tupu.

"Shemeji, mwenzako ameacha kutengeneza vitu," aliniambia. "Jana jirani kaleta feni, kamrudishia. Anasema mikono yake haiamini tena."

"Kwa sababu ya ndege tu?"

"Si ndege. Mama yake mzazi alianza hivyo hivyo. Aliweka chumvi kwenye chai siku moja, tukacheka. Miaka miwili baadaye akawa anamwuliza Wan-chuan yeye ni mtoto wa nani." Akahamisha kapu mkono mwingine. "Sasa anasema, miaka thelathini na nne sijageuza waya hata mmoja, na leo nimegeuza na sikumbuki. Anasema ndiyo imeanza. Anaamka kuangalia gesi. Tunafika kituo cha basi, anarudi kuangalia mlango. Hospitali wamemchoresha saa, wamemhesabisha kurudi nyuma, wanasema mzima. Haamini. Anasema daktari hajui vijiti."

Hapo ndipo pa kusema. Tulikuwa wawili tu, kando ya meza ya tofu, na maneno yenyewe ni machache mno. Nikamwambia ampe muda.

Nikanunua boksi la keki za nanasi nikaenda kwake jioni ile ile, nimekata shauri. Naapa nilikuwa nimekata shauri. Liao alinikaribisha, akanimiminia chai, akakaa huku amekumbatia magoti. Meza ya mlangoni ilikuwa tupu, imefutwa. Kabla sijafungua mdomo akaleta boksi lake la vifaa vya kulehemu, akaliweka miguuni pangu.

"Chukua. Wewe kichwa chako kinafanya kazi. Mimi nikishika moto hivi sasa nitaunguza nyumba ya mtu."

"Kaka Liao, sikiliza..."

"Chukua bwana, nitafurahi. Binti yetu wa Taipei anataka tuhamie kwake. Nimekubali. Ni afadhali niende bado najua njia ya chooni, kuliko kupelekwa kama mzigo."

Siok-hun alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Amezaliwa mtaa ule, dada zake wako mtaa ule, na mboga zake ziko nyuma ya ukuta. Alinitazama kama anayetumaini rafiki atamkatalia mumewe. Nikalichukua boksi. Nikashukuru! Nililibeba hadi nyumbani, nikalisukumia chini ya kitanda, na mke wangu aliponiuliza ni nini nikamfokea.

Ndivyo woga unavyokuwa. Watu hudhani mwoga hukimbia. Mimi sikukimbia, nilikaa palepale na heshima zangu zote, nikiitwa Rubani, nikirusha ndege za watu, na kila kabla ya kuruka nikikagua vibawa mara tatu kwa sauti kubwa. Wenzangu wakasema ajali ya Liao imetufunza sote.

Siku ya kuhama ikapangwa, Jumatano ya mwisho wa mwezi wa saba. Jumapili kabla yake kikundi kikaandaa chakula cha kumuaga pale uwanjani: tambi za kukaanga, soseji, matikiti tena. Pui akachonga kibao cha kioo chenye jina la Liao na maneno ya kumshukuru, na mimi, kwa kuwa ndimi Rubani, nikapewa kazi ya kukabidhi na kuhutubia.

Liao alikuja kwa baiskeli. Alikuwa amepungua, ukosi wa shati ulimpwaya. Tukala. Pui akaona msiba umezidi, akachukua ndege yake ndogo ya mazoezi, ile isiyovunjika hata ukiipiga na nyundo, akamwekea Liao rimoti mikononi.

"Mzunguko mmoja, Mzee. Ukaage uwanja."

Liao aliirudisha upesi mno. "Hapana. Nitaumiza mtu."

"Utaumiza nani, labda matikiti yangu! Hata hivyo si wewe uliyefunga vijiti vya ndege hii, usiogope."

Watu wakacheka. Ulikuwa utani wa kawaida, tena wa upendo, na Liao alicheka pamoja nao huku akiangalia viatu vyake. Alikuwa anacheka kama yule binti wa kwenye gari la mafunzo, anayecheka ili mwalimu asizidi kukasirika. Nilisimama na kibao mkononi kabla sijaitwa.

"Vijiti havikuwa kinyume," nikasema.

"Hotuba bado, Rubani, ngoja tunawe," alisema Pui.

"Havikuwa kinyume. Niliirusha kwa namba mbili."

Hawa ni watu wa ndege, hawahitaji kuelezwa mara ya pili. Pui alifungua mdomo na tambuu ikaonekana yote. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikisita sitamaliza: kwamba Liao aliomba ukaguzi nikamkatalia, kwamba niliona namba kwenye kioo, kwamba niliibadilisha wakati wao wanakimbia, kwamba nilimwacha aniombe msamaha. Nilikuwa namtazama Liao peke yake, nikingoja anipige, na ningemshukuru.

Liao alisogea karibu kabisa.

"Yangu ilikuwa sita," alisema.

"Sita."

"Na wewe ulikuwa kwenye mbili."

"Mbili."

"Kwa hiyo vijiti nilivirudisha sawa."

"Ulivirudisha sawa, Kaka Liao. Kila kitu ulifanya sawa."

Akatoa simu mfukoni, ile yenye vitufe vikubwa, akaenda kasi kuelekea nguzo ya daraja ambako mtandao hushika vizuri. Vidole vilimkosea mara mbili. Nilimfuata kwa sababu sikujua pa kwenda. Hakuna mwingine aliyetufuata, na hiyo niliistahili.

"Siok-hun! Siok-hun, nilivirudisha sawa! Vijiti! Sikukosea, ni namba, ni Rubani alikosea namba! Kichwa changu kizima! Fungua masanduku, mwambie mtoto hatuji!" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, mzee wa miaka sabini na moja, anaruka pale mchangani. Aliponiona akanikamata mkono kwa mkono wake wa kushoto akaubana. "Asante, Rubani. Asante sana, umeniokoa."

Nikajaribu kuutoa mkono. Hakuuachia. Angenitukana ningejua pa kusimama, lakini alinishukuru, na alimaanisha.

Kisha akaniwekea simu sikioni. "Anakutaka."

Miaka yote Siok-hun ananiita Shemeji.

"Mwalimu Tseng," alisema. Sauti haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka tu. "Miezi miwili kila asubuhi anaandika jina langu kwenye kiganja, kwa kalamu, akidhani sijui. Ili siku akinitazama asinijue, awe na mahali pa kusoma. Mwangalie mkono."

Akakata simu.

Liao bado alikuwa amenishika. Nikaugeuza mkono wake taratibu. Wino wa bluu ulikuwa umechujuka kwa jasho, lakini jina lilisomeka lote.

Akaona ninachotazama, akafumba ngumi upesi na kuificha nyuma, uso umemwiva kwa haya. Akachungulia nyuma yangu kuona kama wenzetu wako mbali.

"Usimwambie Pui," alisema. "Atanicheka."